Kidato Kilichotoroka: Namna ya Kukagua Macho na Meno Mwili Unapoyumba

Shangazi yangu alianguka ngazini siku ya nne tangu avae miwani mpya. Nyumba yake ni ya zamani, huko Mji Mkongwe wa Zanzibar, ngazi zimesimama wima na korido ina giza hata saa saba mchana. Amezishuka ngazi hizo tangu alipoingia humo bibi harusi. Tulimkuta amekaa chini, kifundo cha mguu kimeanza kuvimba, na maelezo yake yalikuwa mafupi: "Kidato cha mwisho kimetoroka."

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Kaka alisema presha. Jirani alisema uzee. Mwingine akashauri asomewe. Hakuna aliyeitazama miwani yenye lenzi mbili iliyokuwa bado puani mwake, kioo kimoja kimeingia ufa. Na miwani ndiyo iliyokuwa na kesi ya kujibu.

Hatua zilizo hapa chini nimezipanga kwa mfuatano ambao laiti tungeufuata kabla ya siku ile. Zinaanza na dalili za hatari na kipimo cha kusimama, zinapita kwenye macho, miwani na nyumba, ndipo zinafika mdomoni. Meno nayo yana neno lao katika kusimama kwetu, ila si kubwa kama wanavyodai baadhi ya wanaouza tiba zake. Lengo si kujitibu. Lengo ni ufike kwa daktari ukiwa na la kueleza zaidi ya "nasikia kizunguzungu."

Kwanza, elewa nani anakusimamisha

Ubongo hutegemea mashahidi watatu ili kujua kama umesimama wima: macho, sikio la ndani, na habari zinazopanda kutoka kwenye nyayo, vifundo na shingo. Mara nyingi wote husema jambo moja, nasi hatuna habari kwamba wanaulizwa. Wanapopingana ndipo tunapowasikia. Umewahi kukaa kwenye basi stendi, basi la pembeni likaanza kurudi nyuma, ukakanyaga sakafu ukidhani ni lako linaloondoka? Hapo macho yameshinda hoja, ingawa sikio na makalio yalikuwa yanasema ukweli.

Katika miaka ya 1970, mtafiti David Lee wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, alijenga chumba ambacho kuta na dari yake ziliweza kusogezwa huku sakafu ikibaki palepale. Kuta ziliposogea kidogo tu, watoto waliokuwa wamejifunza kusimama karibuni waliyumba, wengine wakaanguka. Hakuna aliyewagusa. Macho yao yaliwaambia wanaanguka, na mwili ukajirekebisha kwa kosa ambalo halikuwepo.

Taya ni shahidi wa nne, mdogo. Misuli ya kutafuna na nyuzi zinazoshika mizizi ya meno hupeleka habari kwenye ubongo kupitia neva ya tano ya kichwa, na sehemu ya habari hizo hukutana na zile za shingo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Barcelona na Chuo Kikuu cha Innsbruck walieleza kwamba namna meno yanavyokutana huhusiana na uwezo wa kudhibiti msimamo, na kwamba athari hiyo hujitokeza zaidi mtu anaposimama mahali pasipo imara au akiwa amechoka. Tafiti nyingine hazikuona uhusiano wenye uzito. Mimi nalisoma hivi: shahidi huyu husikika pale wakubwa wake wanapodhoofika. Ndiyo maana hatuanzi naye.

Hatua ya 1: Ondoa yasiyosubiri

Ukianza ghafla kuona vitu viwili viwili, uso ukapinda upande mmoja, maneno yakavurugika, mkono au mguu ukaishiwa nguvu, au kichwa kikauma kwa ukali usiowahi kuujua, funga ukurasa huu uende hospitali sasa hivi. Hicho kinaweza kuwa kiharusi.

Yapo mengine matatu ya kutenga mapema, maana hayatibiwi kwa miwani wala kwa meno. Chumba kikizunguka unapogeuka kitandani, kisha kikatulia ndani ya dakika moja, inawezekana ni chembe za sikio la ndani zilizohama mahali pake. Mtaalamu huzirudisha kwa kukugeuza kichwa kwa mpangilio maalumu. Ukisikia wepesi wa kichwa unapoinuka, omba upimwe presha ukiwa umelala, kisha ukiwa umesimama dakika 1 na dakika 3: namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, hilo ni jambo la daktari na pengine la dawa unazotumia. Na kama nyayo zimekufa ganzi, kana kwamba unatembea na soksi wakati huna, pima sukari.

Hatua ya 2: Jipime ukiwa umesimama

Tafuta kona ya chumba, simama mgongo ukielekea kona lakini usiiguse, weka kiti mbele yako, na awepo mtu mzima karibu. Usifanye peke yako. Vua viatu, nyayo zishikane, mikono iwe kifuani. Unahitaji saa na daftari.

Simama sekunde 30 macho wazi. Kisha sekunde 30 macho yamefumbwa. Sasa kanyaga kipande cha godoro la sponji kilichokunjwa, urudie yote mawili: macho wazi, macho yamefumbwa. Kila mara andika sekunde ulizofikisha kabla ya kusogeza mguu au kushika kiti.

Sehemu ya kufumba macho inatokana na kipimo cha Moritz Romberg, daktari wa Ujerumani wa karne ya 19, na madaktari wanakitumia mpaka leo. Sponji inaongezwa ili kuzinyamazisha nyayo. Ukiwa imara macho wazi lakini ukapepesuka vibaya mara tu unapofumba juu ya sakafu ngumu, unayategemea macho kupita kiasi, na huenda miguu au sikio havifanyi kazi yao. Mtu wa namna hii ndiye anayeumia zaidi macho yakififia, kwa sababu amebakiwa na nguzo moja. Kuyumba kwenye sponji huku umefumba macho humpata karibu kila mtu. Usitishike na hilo. Kinachotazamwa ni kama unaanguka kabisa.

Ukiwa na nguvu, ongeza kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10. Utafiti uliofanywa Brazili na kuchapishwa mwaka 2022 uliwapima watu 1,702 wenye umri wa miaka 51 hadi 75, na takriban mmoja kati ya watano alishindwa. Usijifariji kwamba ni mchezo wa watoto.

Hatua ya 3: Kagua jicho moja moja

Watu wengi huishi miaka na jicho moja bovu bila kujua, kwa sababu zima humfichia mwenzake. Ziba moja kwa kiganja, usilibonyeze, tazama kalenda ya ukutani upande wa pili wa chumba. Badilisha. Halafu fanya jambo ambalo vipimo vingi vya dukani havifanyi: tazama chini. Mistari ya marumaru inaonekana imenyooka? Ukingo wa mkeka unauona wazi, au mkeka na sakafu vimekuwa rangi moja? Anayesoma herufi zote za ubaoni anaweza bado kushindwa kuona ukingo wa kidato kilichopakwa rangi ileile ya sakafu. Uwezo wa kutofautisha rangi zinazokaribiana ndio unaookoa mguu, na hupungua taratibu bila kelele.

Jaribu pia kina. Shika kalamu kwa mkono ulionyooka na kifuniko chake kwa mkono wa pili, kivishe ukiwa umefungua macho yote mawili, kisha jaribu ukiwa umefumba moja. Utaona tofauti. Kama kwako hakuna tofauti, yaani ni vigumu vilevile, huenda macho yako hayafanyi kazi kwa pamoja.

Mwisho, tazama pua ya mwenzako aliyekaa mbele yako, naye achezeshe vidole usawa wa kiuno chake. Usipoviona, sehemu ya chini ya upeo wako imepungua. Glakoma hula pembezoni kimyakimya namna hii, na mtu huanza kujikwaa kwenye vigoda na ndoo bila kuelewa. Taa za bodaboda zikikutawanyikia usiku kama jua lililovunjika, hilo zaidi ni dalili ya mtoto wa jicho.

Kwa watoto, fungua picha za simu. Mtoto anayeinamisha kichwa upande uleule kwenye kila picha hafanyi madaha. Pengine anakiinamisha ili macho yake yakutane na asione viwili. Wengi hupelekwa kukandwa shingo kwanza. Kengeza na jicho lililozembea hutibika vizuri zaidi kabla ya mtoto kufika miaka 7 au 8, kwa hiyo usisubiri "atakua nalo liishe."

Hatua ya 4: Ihoji miwani yako

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo shangazi alipoangukia.

Miwani ya kusomea haitembei. Ile ya namba ya kuongeza inayouzwa mtaani imetengenezwa kwa ajili ya umbali wa kitabu. Ukiinuka nayo kwenda kufungua mlango, sakafu inakuwa ukungu, na kila kitu kinaonekana kikubwa na karibu kuliko kilivyo. Ifunge kamba, ishushe kifuani kila unapoinuka. Ni mazoea ya wiki moja tu.

Miwani yenye lenzi mbili, au ile inayobadilika polepole toka juu hadi chini, ina shida nyingine. Sehemu yake ya chini imewekwa kwa kusoma, karibu sentimita 40. Kidato cha ngazi kiko mita moja na nusu kutoka machoni. Unaposhuka unatazama chini, macho yanapita kwenye lenzi ya kusomea, na kidato kinaonekana mahali ambapo hakipo. Huko Australia, Stephen Lord na wenzake walieleza mwaka 2002 kwamba wazee waliovaa miwani ya aina hii walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kuanguka kuliko wasioivaa. Dawa yake ni rahisi ila inahitaji pesa ya miwani ya pili: moja ya lenzi moja ya kuonea mbali, kwa ajili ya kutembea na ngazi. Jaribio jingine la Australia, lililochapishwa mwaka 2010, liliwapa wazee miwani hiyo ya pili. Waliozoea kutoka nje walipunguza kuanguka kwa takriban asilimia 40. Wale wa kukaa ndani walianguka zaidi walipotoka, kwa hiyo mzee asiyetoka msimbadilishie mambo mengi kwa mkupuo. Asiyeweza kumudu miwani ya pili ainamishe kidevu kifuani anaposhuka, macho yatazame kupitia sehemu ya juu ya lenzi, na mkono usiache kushika ukuta au mhimili.

Halafu kuna jambo linaloshangaza wengi. Mwaka 2007 watafiti wengine wa Australia walitoa matokeo ya kuwapima macho na kuwarekebishia miwani wazee wenye miaka 70 na kuendelea. Walitarajia waanguke kidogo. Walianguka zaidi. Sababu inayoeleweka ni kwamba lenzi mpya hubadilisha ukubwa wa picha, na ubongo uliozoea kusogeza macho kwa kipimo cha zamani unakosea hesabu mpaka uzoee. Sakafu inapinda, milango inaegemea. Kwa hiyo:

Muulize mpimaji kama namba imebadilika sana. Kama ndiyo, omba iongezwe kwa awamu. Vaa miwani mpya kwanza ukiwa umekaa, kisha ndani ya nyumba, kisha nje mchana. Ngazi na kupanda daladala viwe vya mwisho. Toa wiki mbili. Zikipita na sakafu bado inapinda, rudi ulikoinunua. Usivumilie kwa aibu. Mtu aliyempimia shangazi hakumwambia lolote kati ya haya. Alimwambia tu "utazoea, bibi."

Kama tatizo ni mtoto wa jicho, miwani haitakusaidia, upasuaji utakusaidia. Jaribio la Nottingham, Uingereza, lililochapishwa mwaka 2005 lilionyesha kwamba wanawake wazee waliowahishiwa upasuaji wa jicho la kwanza walipunguza kuanguka kwa asilimia 34 katika mwaka uliofuata, ukilinganisha na waliobaki kwenye foleni. Upasuaji huu unafanyika kwetu, mathalani CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi, au hospitali ya Kikuyu kwa walioko Kenya.

Hatua ya 5: Isaidie nyumba ionekane

Chukua rangi nyeupe au ya manjano, piga mstari wa upana wa vidole viwili ukingoni mwa kila kidato, hasa cha kwanza na cha mwisho. Kwenye sakafu nyeupe tumia rangi nyeusi. Ondoa mikeka midogo inayoteleza. Ukitoka juani kuingia kwenye korido, simama mlangoni uhesabu hadi kumi. Macho ya mtu mzima huchelewa kuzoea giza. Weka taa ndogo kwenye njia ya msalani. Basi.

Hatua ya 6: Sasa fungua mdomo

Simama mbele ya kioo. Tulia, funga midomo. Meno yako yanagusana? Yakitulia hayapaswi kugusana. Kati ya ya juu na ya chini panatakiwa pengo la milimita 2 hadi 4, ulimi umepumzika juu. Ukijikuta umeyabana kila unapojichunguza, unabana mchana kutwa, na pengine unasaga usiku. Asubuhi paji na mapanja vinauma, shingo imekakamaa. Shingo iliyokakamaa ndiyo njia ya karibu zaidi ambayo taya linaweza kuharibu msimamo, kwa sababu shingo ni sehemu ya shahidi wetu wa tatu.

Fungua mdomo polepole. Vidole vyako vitatu vinaingia vikiwa wima? Taya linashuka moja kwa moja, au linakwenda kombo na kulia kama bawaba isiyotiwa mafuta? Sasa uma taratibu: upande gani unagusa kwanza? Hesabu mapengo. Kwetu gego likiuma huling'oa, na hadithi ikaishia hapo. Kumbe haishii. Jino la jirani huinamia pengo, la juu hushuka kulifuata, na baada ya miaka michache unatafuna upande mmoja bila kukusudia.

Sasa jaribio dogo. Rudia kusimama kwenye sponji macho wazi, mara moja meno yameachana, mara nyingine umeuma kidogo vipande vya pamba safi kati ya magego ya pande zote mbili. Andika sekunde. Tofauti ikiwa kubwa na ikajirudia siku tatu, mweleze daktari wa kinywa na meno. Isipokuwepo, usiitafute kwa nguvu. Hiki ni kidokezo tu, si hukumu.

Kwa wazee, idadi ya meno ina uzito kuliko unyoofu wake. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia zaidi ya wazee 1,700 kwa miaka 3. Waliobakiwa na meno 19 au pungufu na hawakuwa na meno ya bandia walikuwa na uwezekano wa mara 2.5 wa kuanguka mara kwa mara kuliko wenye meno 20 na zaidi. Waliokuwa na meno ya bandia hawakuonyesha tofauti ya maana. Bila shaka asiye na meno huenda pia anakula vibaya na misuli imemwisha, na watafiti walijaribu kulihesabu hilo. Japani yenyewe ina kampeni tangu mwaka 1989 ya kuwafikisha wananchi miaka 80 wakiwa na meno 20.

Kama una meno ya bandia, yaangalie. Baada ya meno kung'olewa mfupa wa taya hupungua, kwa hiyo seti iliyokaa vizuri miaka kumi iliyopita leo inacheza, na mwenyewe anaishikilia kwa ulimi na misuli ya shavu siku nzima. Hiyo hurekebishwa kwa kuongezewa kitako, bila lazima ya kutengeneza mpya.

Hatua ya 7: Kabla hujalipa

Ukiambiwa kwamba kizunguzungu chako kitaisha kwa kuvaa kifaa fulani mdomoni, au kwa kusagwa meno mazima ili "yakutane sawa," uliza hivi: je, unaweza kurudishwa ulipokuwa? Kifaa kinavuliwa. Jino lililosagwa halioti tena. Waya za meno zina faida zake za kutafuna, kusafisha na sura. Usizilipie kwa ajili ya kuacha kuyumba. Kusaga meno usiku, kwa upande mwingine, kunastahili kifaa cha kuyalinda, na daktari yeyote wa meno atakitengeneza bila kukuahidi miujiza.

Hatua ya 8: Rudia, uende na daftari

Wiki mbili baada ya kila badiliko, rudia kipimo cha sekunde 30 palepale, muda uleule wa siku. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichosaidia. Huku nyuma fanya mazoezi mepesi ukiwa umeshika sinki la jikoni: inuka kwa ncha za vidole mara kumi, tembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, simama mguu mmoja wakati chai inachemka. Kliniki ya macho iwe ya kwanza, ya meno ifuate, na daftari liwe mkononi pamoja na orodha ya dawa zako zote, za kienyeji zikiwemo.

Shangazi alipata miwani ya lenzi moja ya kutembelea, na ngazi zikapigwa mstari mweupe. Sasa anazishuka akihesabu kwa sauti, na akifika chini anatangaza kwamba vyote kumi na saba vipo. Meno ya bandia bado yanacheza. Nimemwambia mara tatu twende yakarekebishwe, anajibu kwamba kwa wali na samaki yanamtosha.